WENYE UWANJA NI NANI?

Mtu aamkaye alfajiri siku ya Jumamosi hapa Mabatini husikia kwanza adhana, kisha majogoo, na kabla jua halijapanda juu ya vilima vya mawe huwasikia wakimbiaji. Huja makundi kwa makundi, watu ishirini, thelathini, pengine zaidi ya hao, wakishika upande mmoja wa barabara kuu iendayo Musoma, huku wakiimba na kupiga makofi. Vijana wa leo huita jogingi. Sisi tuliosoma shule za Serikali tuliita mchakamchaka, nasi hatukuwa na hiari nao.

Katika kundi lipitalo karibu na nyumba yangu nimewaona mchuuzi wa dagaa, dereva wa bodaboda, mama lishe, karani wa Halmashauri, na mstaafu mmoja mwenye goti bovu ambaye hutembea zaidi kuliko anavyokimbia. Yumo pia kijana ambaye mtaa mzima una maneno juu ya mwendo wake na sauti yake. Sijapata kuona hata mmoja wao akisimamishwa njiani na kuulizwa yeye ni mtu wa namna gani hata akimbie pamoja na wenziwe. Ada yao ni fulana na maji ya kunywa. Anayechoka hungojewa.

Nimeanza na habari hiyo njema kwa sababu niliyokusudia kuieleza si njema.

Rafiki yangu mmoja wa Ukerewe, mvuvi ambaye siku hizi huleta dagaa Mwaloni Kirumba, alinikabidhi mwaka jana binti yake wa miaka 17. Mimi na baba huyu tulisoma chuo kimoja tukiwa watoto, tukiandika alifu na bee kwenye ubao mmoja na kuchapwa kwa bakora moja, hivyo kwangu binti yule ni mwanangu. Huko kwao alikuwa akicheza kandanda pamoja na wavulana kwenye mchanga wa ufukweni, kwa kuwa hawakupatikana wasichana wa kutosha kuunda timu. Baba hakulipenda jambo hilo hapo awali. Alilikubali mwaka 2022, pale Serengeti Girls walipokwenda India katika Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17, wakawafunga Ufaransa mabao mawili kwa moja, wakafika robo fainali. “Ndugu Katibu,” aliniambia (nilipata kuwa katibu wa tawi, na jina hilo halijaniachia), “wale nao ni watoto wa watu.”

Basi binti akaja mjini kwa meli ya Nansio na begi moja na daluga za kuazima. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyekua akivuta kasia, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kama shule zetu nyingi za Serikali zinavyowaagiza wasichana wanyoe. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo. Siku za mwanzo nilimtembeza mjini, nikamwonyesha lile jiwe la Bismarck linalopigwa picha na kila mgeni. Alilitazama kwa adabu, akasema kwamba Ukara kuna jiwe linalocheza, na hilo la kwetu limesimama tu. Nyumbani tulicheka hadi usiku.

Wiki ya tatu timu iliyomchukua iliingia katika mashindano ya kata. Nilialikwa meza kuu. Kabla ya mapumziko binti alikuwa amefunga mabao mawili, la pili kwa mguu wa kushoto kutoka mbali, la namna ambayo hata wapinzani hulisimulia. Hapo ndipo viongozi wa upande wa pili walipomwendea refa wakadai kwamba hawawezi kuendelea kucheza na mwanamume. Washangiliaji wakadakia. “Jike dume! Akaguliwe!” Refa akatazama huku na huku, kisha akakubali. Mama wawili, mmoja wa kila upande, wakamshika binti mikono na kumpeleka nyuma ya madarasa ya shule iliyokuwa karibu. Walikaa huko kama dakika kumi. Waliporudi, mmoja wao alitikisa kichwa kuashiria kwamba ni msichana, na watu wengine wakapiga makofi, nadhani kwa nia njema.

Binti hakurudi uwanjani. Alikwenda kuketi chini ya mwembe akiwa amejifunika khanga ya mke wangu kuanzia kichwani. Asubuhi ya pili yake alipanda meli.

Nilikuwa meza kuu. Mbele yangu palikuwa na chupa ya maji, kikombe cha mshindi na kipaza sauti. Laiti ningeinuka nikasema neno moja, nadhani lisingetendeka. Sikuinuka. Nilijiambia kwamba huo ni mpira na una wenyewe.

Sitaitaja timu yoyote kati ya hizo, wala refa, wala akina mama wale. Shabaha ya maandiko haya si kumfedhehesha mtu, na tukianza kuhesabu waliokosa siku ile itanibidi nianze na jina langu. Ninachotaka ni kuuliza, mbele ya ndugu zangu wa visiwani na mbele ya maofisa wenye dhamana ya michezo katika Mkoa huu, uwanja wa michezo ni wa nani, na ni nani aliyepewa mamlaka ya kumsimamisha mtu mlangoni na kumpima kama anafaa kuwamo.

Kwa muda nilijitetea moyoni kwamba sikuijua sheria. Basi nimeisoma. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, imempa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Ibara ya 13 imepiga marufuku mtu kutendewa kwa namna inayomtweza na kumdhalilisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imesema kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, nayo imekataza kumtendea mtoto mambo ya kumdhalilisha. Binti yule alikuwa na miaka 17. Yaliyotendeka nyuma ya madarasa, kama yangetendwa na mtu mwingine siku nyingine, tungewaita polisi. Yalipotendwa kwa jina la mpira tulirudi kwenye viti vyetu kungoja kipindi cha pili.

Najua litakalosemwa. Watasema kwamba Ndugu Katibu sasa anawatetea mashoga na wasagaji. Maneno hayo yalikwishasemwa pembeni mwa uwanja siku ile ile, na ndiyo yaliyotufunga midomo watu wazima tuliokuwapo, kwani hakuna aliyetaka kufikiriwa kwamba yumo. Kwa hiyo nalisema waziwazi. Sheria ya nchi juu ya jambo hilo inajulikana: Kanuni ya Adhabu inavikataza vitendo fulani, na kifungo chake ni maisha au si chini ya miaka 30. Mtu anaweza kuikubali sheria hiyo au asiikubali, lakini sheria yenyewe inahusu vitendo, nayo ina askari wake, waendesha mashtaka wake na mahakimu wake. Sikuona mahali inapomtaja mshika kibendera. Haikumpa mwenyekiti wa timu iliyofungwa mabao mawili uwezo wa kumvua nguo mtoto wa mwenzake kwa sababu ana mabega mapana.

Na tuhuma hiyo haiishii kwa wasichana. Katika mitaa yetu mvulana anayependa netiboli kuliko kandanda, au ambaye sauti yake haijakomaa, hufukuzwa kikosini bila barua wala kikao. Huambiwa tu kwamba jezi hazitoshi. Msichana mwenye kipaji naye huondolewa na wazazi wake mwenyewe, si kwa kuwa amekosa, bali kwa kuwa majirani wamekwisha kusema. Nimewahi kuzungumza na baba mmoja aliyemwachisha binti yake mpira akiwa na miaka 14. Aliniambia hakumshuku mwanawe hata siku moja. Aliwaogopa watu.

Hata maneno ya wakubwa yakishuka huku chini hugeuka. Agosti 2021 Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan, alipowapokea Ikulu vijana wa timu ya Taifa waliotwaa kombe, aligusia maumbile ya baadhi ya wachezaji wetu wa kike, kwamba vifua vyao humfanya mtu adhani ni wanaume, na kwamba wengi wao hawaolewi. Aliyasema hayo akiwataka viongozi wafikirie maisha ya mabinti hao baada ya miguu kuchoka. Wako waliolalamika siku zile, na malalamiko yao yalikuwa na msingi. Mimi ni mtu wa Chama na ninamheshimu Mwenyekiti wangu. Lakini nimesikia kwa masikio yangu jinsi kauli ile ilivyochukuliwa katika viwanja vya mtaani: huruma yote iliachwa Ikulu, kikaletwa kifua peke yake.

Katika nchi nyingine waliofukuzwa viwanjani waliamua kujitengenezea vyao. Mwaka 1974, katika mji wa San Francisco huko Marekani, kilianzishwa kikundi cha wakimbiaji wa kiume na wa kike ambao kwa sababu ya mapenzi yao hawakupata raha katika vilabu vya kawaida, na leo vikundi vya namna hiyo viko katika miji mingi ya dunia. Miaka minane baadaye, mwaka 1982, daktari mmoja wa mji huo huo aitwaye Tom Waddell alianzisha mashindano makubwa yaliyokusanya wanamichezo zaidi ya 1,300, bila kumtaka mtu yeyote afikishe kiwango fulani cha ushindi ndipo aandikishwe. Kila aliyetaka kushiriki alishiriki, awe na tabia hiyo au asiwe nayo. Wasomaji wa makamo watashangaa nikisema kwamba Dakta Waddell alikuwako Mexico mwaka 1968, katika michezo ile ile ya Olimpiki ambapo Ndugu yetu John Stephen Akhwari aliumia goti katika mbio za marathoni na hata hivyo akamaliza wa mwisho, usiku, wengi wa watazamaji wakiwa wamekwisha kuondoka. Waddell alikuwa wa sita katika mashindano ya michezo kumi ya riadha. Sijui kama wawili hao walionana. Lakini kila ninapokumbuka kwamba Taifa hili humtukuza Akhwari, mtu ambaye hakushinda kitu katika mbio zile, naona kwamba fikra ya mchezo kuwa mahali pa kila anayejitahidi si ngeni kwetu hata tuseme imeletwa na Wamarekani.

Ng'ambo ya ziwa letu pia lilitokea jambo. Agosti 2012, katika bustani ya mimea ya Entebbe, kando ya maji haya haya tunayoyavua, watu wa namna hiyo wa Uganda walikusanyika kwa matembezi yao ya kwanza ya hadharani. Polisi waliingia wakawakamata baadhi yao. Mwaka 2023 nchi hiyo ilitunga sheria kali zaidi. Tangu hapo, atakaye kukimbia au kuogelea na wenzake wa namna yake huko hufanya hivyo kwa kujificha.

Sikuyataja hayo ili Mwanza iige mji wowote. Mimi si mjumbe wa San Francisco. Ninachoomba kitazamwe ni chanzo chake, kwamba vilabu vile vya pembeni vilizaliwa na kufukuzwa. Mtu aliyekaribishwa katika timu ya mtaa wake hana haja ya kwenda kutafuta ya siri. Chama kilichotulea kilianza katika imani kwamba binadamu wote ni sawa na kila mmoja anastahili heshima, na imani hiyo iliandikwa katika Azimio la Arusha mwaka 1967 kabla haijatajwa mashamba wala mabenki. Kiongozi anayekubali kwamba wengine wachezee uwanja wa kata na wengine watafute vichochoro hana budi kutueleza umoja anaouhubiri jukwaani ni wa watu gani.

Niruhusiwe sasa kutoka katika siasa nirudi chuoni, kwa kuwa wengi wa waliokuwa wakipiga kelele siku ile ni Waislamu wenzangu, na wengine nilisoma nao. Sote tulifundishwa katika fikihi habari za huntha, yaani mtu ambaye maumbile yake ya uzazi hayaonyeshi wazi kama ni mwanamume au ni mwanamke. Wanazuoni wa zamani hawakumtoa msikitini. Walikaa wakamtafutia mahali: katika safu za sala wakamweka nyuma ya wanaume na watoto wa kiume na mbele ya wanawake, na katika mirathi wakaeleza apewe kiasi gani kwa yakini, na kiasi gani kihifadhiwe mpaka hali yake ibainike. Nilipokuwa mtoto niliona somo hilo ni la kuchekesha, na mwalimu alinitandika kwa kucheka. Leo naona lilivyo zito. Wazee wale, karne nyingi zilizopita, walikuta mtu asiyeingia katika mafungu mawili, na swali walilojiuliza lilikuwa mahali pake ni wapi. Sisi tuna mlingoti wa goli, wavu na kipenga, na swali tulilojiuliza ni namna ya kumtoa.

Kitabu nacho kimekataza dhana mbaya na kupelelezana. Na anayedai kwamba mwanamke kukimbia ni haramu amsome tena Bibi Aisha, aliyesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume mara mbili, akamshinda ya kwanza, akashindwa ya pili baada ya kuongezeka mwili.

Binti wa rafiki yangu si huntha. Nalirudia hilo kwa ajili ya wale waliobaki na shaka, ingawa najua kwamba kulirudia ni kuendelea kumkagua. Lakini hata kama angekuwa, je, mama wawili nyuma ya darasa ndio wangelijua? Jambo hili limewashinda waliobobea. Tarehe 20 Agosti 2016, mjini Rio de Janeiro, wanawake watatu wa Afrika walipanda jukwaa la ushindi wa mita 800: Caster Semenya wa Afrika ya Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Wote watatu wamezaliwa na kulelewa wasichana. Mwaka 2019 shirikisho la riadha duniani liliweka kanuni iliyowazuia wanawake wenye maumbile kama yao, ambao miili yao hutoa homoni za kiume kwa wingi, wasikimbie kuanzia mita 400 hadi maili moja, ila wakubali kupunguziwa homoni hizo kwa dawa. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na Septemba 2021, huko Zagreb, akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa dakika 5 na sekunde 21.56. Mwaka 2023 kanuni ilipanuliwa hadi mbio zote, naye akafungiwa tena mlango. Semenya, ambaye walianza kumchunguza mwaka 2009 akiwa na miaka 18, alishitaki hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambayo tarehe 10 Julai 2025 iliamua kwamba hakusikilizwa kwa haki ipasavyo mbele ya mahakama za Uswisi. Mwaka huo huo shirikisho likaamuru wanawake wote wanaoingia mashindano yake makubwa wapimwe vinasaba mara moja katika maisha yao.

Mtu anaweza kusema kanuni hizo ni za haki kwa washindani wengine. Wako wanawake wanaoamini hivyo, nao wasipuuzwe, kwa kuwa medali ni riziki. Mimi najua tu kwamba madaktari, wanasheria na majaji wa dunia wamebishana juu ya jambo hili zaidi ya miaka kumi na hawajakubaliana. Jirani zetu wa Zambia walimwacha Barbra Banda nje ya Kombe la Afrika la wanawake mwaka 2022 kwa habari za homoni, na mwaka 2024 Afrika hiyo hiyo ikamtangaza mchezaji bora wa kike wa bara zima. Sisi tuliikata kesi kwa dakika kumi, wakati wa mapumziko.

Sasa nirudi Mwanza. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni moja katika wilaya za Nyamagana na Ilemela. Sehemu za watu hao kunyoosha viungo haziongezeki kadiri wanavyoongezeka. Kisiwa cha Saanane kilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, nacho ni kizuri, lakini kina kiingilio na mashua. Capri Point ina kivuli na upepo, lakini kijana wa Mabatini akikaa huko kwa muda mrefu huulizwa anamtafuta nani. Kilichobaki ni barabara ya alfajiri, kingo za mto Mirongo wakati haujafurika, ufukwe, na viwanja vya shule. Kwa hiyo kumfukuza mtu katika uwanja wa shule hapa kwetu ni kumfukuza katika mahali pekee alipokuwa napo.

Tena tuna Uwanja wa CCM Kirumba. Jina lake lasema ni wa Chama, na hati zake zasema hivyo, lakini kila mzee wa Mkoa huu anajua kwamba viwanja vya namna hiyo vilisimama kwa nguvu na michango ya wananchi wote. Hawakuulizwa walipokuwa wakichanga kama wana mabega mapana. Chama chenye uwanja kina wajibu kwa kila apitaye lango lake, na mfano ukitoka Kirumba, viwanja vya kata vitaufuata. Mji huu uliowapa wasichana Alliance Girls na Marsh Queens hauwezi kusema haujui thamani yao. Twiga Stars walikwenda fainali za Afrika mwaka 2010, kisha tukangoja mpaka Julai 2025 kuwaona tena katika fainali hizo, huko Morocco. Tusiulize ni kwa nini tulingoja miaka 15 bila kuuliza ni wasichana wangapi waliachishwa njiani kabla hawajafika hata Nyamagana.

Ombi langu kwa Ndugu Maofisa Michezo wa wilaya, kwa chama cha mpira cha Mkoa na kwa Baraza la Michezo la Taifa si kubwa, wala halihitaji fungu la fedha. Iandikwe katika kanuni za kila shindano, hata la mtaa, kwamba hakuna mchezaji atakayekaguliwa mwili wake uwanjani na mtu yeyote kwa sababu yoyote. Timu yenye shaka ilete malalamiko kwa maandishi baada ya mchezo, pamoja na jina la mlalamikaji, yashughulikiwe kwa siri, na mzazi awepo kama mchezaji ni mtoto. Nadhani sharti la kutia jina litapunguza shaka nyingi. Refa atakayekubali ukaguzi anyang'anywe kipenga. Na klabu inayoomba kusajiliwa iulizwe inawapokeaje wanaotaka kujiunga, kama inavyoulizwa juu ya katiba yake na akaunti yake ya benki.

Kwa ndugu wa visiwani nina neno jingine. Wilaya ya Ukerewe ina visiwa 38, na sina habari kwamba hata kimoja kina upungufu wa vipaji. Mnapoleta watoto wenu mjini, msituachie begi na salamu tu. Tuulizeni maswali magumu. Muulizeni mwenyeji atakaa wapi siku ya mchezo, na kama ataweza kuinuka katika kiti chake.

Mwezi uliopita nilikwenda Mwaloni kumtafuta rafiki yangu. Nilikuwa nimekwisha kuwaandikia waandaaji wa mashindano yale kuwataka wamwombe binti radhi kwa maandishi, na barua haijajibiwa. Nilimkuta juu ya magunia yake akihesabu. Nilimwomba radhi kwa upande wangu, nikamweleza nilipokuwa nimeketi siku ile, kwa maana hakulijua hilo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia mtoto hajambo, huanika dagaa pamoja na mama yake, na ule mpira wake ameuweka darini.

Nikampa nauli ya meli, ya kuja na kurudi, nikamwambia timu yake bado imeliacha jina lake katika orodha na mashindano mapya yanaanza baada ya Idi. Alizikunja noti akazitia katika mfuko wa shati. Hakusema kama zitatumika.